Mheshimiwa wa Chumba cha Uani

"Mama Damaris, unajua yule mtu wa chumba cha uani alitaka kupindua serikali?"

Milly aliniambia hivyo asubuhi moja tukianika nguo, kibanio kikiwa mdomoni, kwa sauti ya mtu anayekuarifu kwamba gesi imekwisha. Milly ni Mganda. Kazi yake ni kusuka nywele katika saluni moja kule Naif, hapa Dubai, na habari za watu wetu wote hupitia kwenye saluni ile kabla ya kuwafikia wenyewe.

"Serikali ya wapi?" nikamuuliza.

"Ya kwao. Alikuwa mwanajeshi mkubwa. Wakamfunga. Na akiwa humo humo ndani, watu wakamchagua mbunge. Mbunge wa upinzani, nyabo. Tunaishi na Mheshimiwa, na anafulia soksi zake kwenye ndoo ya rangi."

Sikumwamini. Wiki iliyotangulia Milly alikuwa ameniambia kwamba mwenye nyumba amefariki, na kesho yake mwenye nyumba akaja kwa miguu yake kukagua mabomba. Lakini safari hii aliapa kwamba ameona kwa macho. Alikuwa akimsuka mama mmoja mfanyabiashara, aliyekuja kununua mashuka na mapazia ya kupeleka kwao. Kichwa kilikuwa nusu kimesukwa, nusu bado. Yule mama akamwona jirani yetu kupitia dirishani, anapita na mfuko wa vitunguu. Akaruka kutoka kitini, akatoka mbio na kitana cha Milly kikiwa kimemning'inia kichwani, akapiga magoti pale njiani mbele ya wasukuma mikokoteni, akamwita Mheshimiwa.

"Na yeye akafanya nini?"

"Akamwinua. Akanirudishia kitana changu. Halafu akaondoka karibu na kukimbia. Mbunge wako anawakimbia wapiga kura."

"Si mbunge wangu," nikasema.

Jina lake ni Protas. Nchi yake sitaitaja, kwa kuwa aliniomba nisiitaje, na wengi wanaohusika bado wapo. Ilikuwa 2016, miezi ya baridi ya huku Dubai, ile miezi ambayo mtu anaweza kukaa nje bila kuungua.

Tuliishi Rashidiya katika nyumba kubwa ya zamani iliyokatwakatwa kwa mbao nyembamba, hata kikohozi cha mmoja kikawa cha wote. Chumba chetu kilikuwa stoo ya chakula zamani. Alama za rafu zilikuwa bado ukutani. Mume wangu Boaz alifanya kazi Fujairah, kwenye matengenezo ya meli. Ijumaa hii alikuja, Ijumaa ijayo hakuja. Mimi nilibaki na Damaris, ambaye alikuwa anaanza tu kusimama kwa kushika vitu. Katika nyumba ile wengine walilala usiku, wengine mchana, na mtoto akilia alimwamsha mtu aliyetoka zamu. Hivyo kila kulipokucha nilimfunga mgongoni nikaenda uani, kwenye tangi la maji na kamba za nguo. Ziko siku zilizopita bila mimi kusema na mtu mzima yeyote ila muuza duka wa kona, na yeye nilimwambia tu "maziwa" na "asante".

Protas alikuwa mlinzi wa zamu ya usiku katika mnara mmoja kule Jumeirah Lake Towers. Alirudi kwa treni asubuhi mpaka mwisho wa reli, akatembea kutoka stesheni, na alipoingia uani alisema, "Mmeamkaje?" Alisema hivyo kwa wingi, akimtazama kwanza mtoto, kama Damaris ndiye mkubwa wa nyumba. Kisha aliingia chumbani mwake akalala, na alasiri akatoka kufua, kupika mchele wake, kuondoka tena. Hakuna aliyemtembelea.

Mambo mawili yake niliyaona kabla ya Milly kuniambia lolote.

La kwanza ni milango. Alipofika kwenye mlango ulio wazi alisimama. Mlango wa jikoni ungekuwa wazi kabisa, hakuna mtu ndani, na yeye angesimama kizingitini na sufuria mkononi, ametulia, hadi mtu aje nyuma yake amwombe njia au amwambie kitu. Milly alisema ni maringo, anangoja afunguliwe kama balozi. Mimi siku moja nilikuwa naosha chupa ya mtoto, nikageuka nikamwona, nikasema tu, "Pita, kaka." Akapita. Tangu siku ile, kila nilipomwona mlangoni nilisema pita, na yeye alipita. Hatukulizungumza.

La pili ni viti. Uani palikuwa na kiti cha plastiki cheupe, cha wote. Protas hakukikalia hata mara moja. Alifunika ndoo yake ya rangi akaikalia, na ndoo ikiwa na nguo alichuchumaa. Milly alikuwa akimsogezea kile kiti kwa mguu.

"Mheshimiwa, keti bwana. Au hiki cha plastiki hakifikii hadhi ya bunge?"

"Nimekaa, dada."

"Na ule muswada wa kusafisha choo umefikia wapi?"

"Uko kwenye kamati," alisema, bila kucheka, akaendelea kusugua kola ya shati lake.

Milly alicheka mpaka akashika kamba. Lakini mimi niliona masikio ya Protas, jinsi yalivyorudi nyuma kidogo aliposikia neno bunge.

Kilichotuunganisha ni jogoo. Huku simu za kupiga kwa WhatsApp zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo watu wetu waliishi kwa ujumbe wa sauti. Unabonyeza kidole, unasema, unaachia, unakwenda. Ukivuta kidole kushoto, unafutika. Mke wa Protas, Annah, alimtumia sauti kila asubuhi kutoka kwao, na yeye alizisikiliza pale kwenye ndoo kabla ya kulala. Asubuhi moja ndege kubwa ya abiria ilikuwa inapita, akashindwa kusikia, akaongeza sauti. Ndege ilipokwisha kupita, jogoo akawika ndani ya simu.

Damaris alikuwa ameshika mguu wa kile kiti cheupe. Akageuka. Akatazama juu ya ukuta, akatazama nyuma ya tangi. Amezaliwa hapa, hakuwahi kusikia jogoo. Protas alimtazama, akarudisha ile sauti nyuma, jogoo akawika tena. Mtoto akaacha kiti, akapiga hatua peke yake mpaka kwenye goti la Protas, akaishika simu kwa mikono miwili. Hizo ndizo hatua zake za kwanza, na Boaz hakuwepo kuziona.

Basi kila asubuhi Damaris alichezewa jogoo wake. Na kwa kuwa jogoo aliwika katikati ya maneno, nami nikawa nasikia maneno.

"Baba Rebecca, habari za huko. Sisi wazima. Mahindi ya bondeni yamekauka, ya juu yako sawa. Rebecca ameamka vizuri, amekisalimia kigoda, amekwenda shule."

"Anasalimia kigoda?" niliuliza siku moja, maana nilishindwa kujizuia.

Protas aliitia simu mfukoni. Halafu akanisimulia, kidogo siku ile, kidogo siku zilizofuata, huku akiviringisha mikono ya shati.

Alikuwa kapteni. Vijana wake walipelekwa vitani mpakani, na waliorudi walitupwa kambini bila mtu wa kuwauliza hali, na maiti zilirudi bila majina. Aliandika kwa wakubwa, wakamjibu kwamba amepewa askari awaamuru, hakupewa awahurumie. Ndipo wakatoka kambini na silaha, yeye mbele, wakakalia daraja moja kubwa, wakasema hawaondoki mpaka mkuu wa nchi aje awasikilize.

"Akaja?"

"Vilikuja vifaru. Na ndani mlikuwa na watu tuliosoma nao chuo kimoja. Nikawaambia vijana waweke silaha chini."

"Hakuna aliyepigwa risasi?"

"Risasi zilikuwa chache. Ziliwatosha wawili."

Alinitajia majina yao. Alitaja moja, akasubiri, kisha akataja la pili, kama anayewaita gwarideni. Nimeyashika mpaka leo.

Alikuwa rumande, bado hajahukumiwa, uchaguzi ukafika. Chama cha upinzani kilitafuta mtu wa kusimama kule kwao, na kila aliyeombwa aliogopa. "Wakaona aliyeko gerezani hana cha kuogopa," alisema. "Wakaniletea fomu nikatia saini."

"Na kampeni ulifanyaje, ukiwa ndani?"

"Sikufanya. Kilifanya kigoda."

Hapo ndipo nilipoelewa juu ya ndoo. Kwao, mwanamume akioa huchongewa kigoda chake. Akisafiri, kigoda huwekwa mlangoni pa nyumba yake, kimesimama, wala hapana anayekikalia. Akifa, hukilaza kifudifudi. Naye mwenyewe, popote alipo, hakalii kiti penye nyumba ya kuishi watu mpaka akirudie chake, kwa sababu kukalia ni kusema nimehamia hapa, msiningoje. Annah alikuwa na mimba ya Rebecca wakati ule. Alikibeba kile kigoda kichwani, soko kwa soko, akakiweka juu ya meza mbele za watu, akasimama kando yake akasema. Alisema habari za wale vijana, za maiti zisizo na majina, za zahanati iliyojengwa bila paa. Watu walitazama kigoda, wakaona kimesimama, wakajua mwenyewe yu hai.

"Walimsikia yeye," alisema Protas, "wakanichagua mimi."

Alishinda. Askari jela wa zamu ndiye aliyemletea habari. Kule ndani hakuna aliyevuka mlango, hata ukiwa wazi, mpaka askari aseme pita. Huyu aliufungua akasema, "Mheshimiwa, hongera, umeshinda. Sasa toa ndoo ya choo."

Nilicheka, nikaziba mdomo. Yeye pia akacheka, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kuona meno yake.

Hakuapishwa. Mahakama haikumtoa kwenda kuapa, na muda ulipopita bunge likatangaza kiti chake ki wazi kwa kuwa amekosa vikao bila kuaga. Kisha akahukumiwa. Miaka ikaenda, ukaja msamaha, na msamaha ukaja na masharti: asigombee tena, na asikanyage wilaya ya kwao. Annah alimfuata mji mkuu, wakaonana siku moja katika nyumba ya wageni, Rebecca akijificha nyuma ya mama yake. Hakuna aliyethubutu kumpa kazi. Rafiki mmoja akampatia viza ya ulinzi. Kwa hiyo hajakikalia kigoda chake tangu alipokwenda kwenye lile daraja, na watu waliompigia kura hajawahi kusimama mbele yao. Yule mama wa mashuka ndiye mpiga kura wake wa kwanza kumgusa mkono.

"Ndiyo maana ulimkimbia?"

"Angeniuliza narudi lini."

Damaris alikuwa amelala mgongoni kwangu, shavu lake la moto kwenye bega. Nilifikiri juu ya huyo Rebecca, ambaye akiambiwa msalimie baba, anainamia kipande cha mti.

Mwanzoni mwa wiki moja sauti ya Annah ikaja bila jogoo. Alikuwa amejifungia ndani, ilisikika. Protas aliniambia nisiondoke, akaiacha iseme.

"Baba Rebecca, chama kimekuja tena. Safari hii wananitaka mimi. Nami nataka, sitakuficha, nataka sana. Majina yanapelekwa Ijumaa. Lakini kila ninapokwenda watu wananiambia, mama, sisi ni watu wa kigoda, mwenye kigoda yu hai, tutampaje mwingine kura juu ya kichwa chake? Wewe tu ndiye unayeweza kukitoa. Ukiniambia nikikalie, nitakikalia mbele yao na watasikia sauti yako. Ukiniambia hapana, nitakaa kimya na sitakulaumu. Lakini sema. Usiniachie kigoda na kimya pamoja."

Ikaisha. Akabonyeza kidole kujibu. Alisema, "Mama Rebecca," akanyamaza, na kidole kikavuta kushoto. Akabonyeza tena. "Mama Rebecca, nimekusikia." Kushoto. Nilimwona akifanya hivyo mpaka jua likafika kwenye ukuta wa pili. Mtu aliyewaamuru watu kwenye daraja alishindwa na kidole chake.

"Hutaki awe mbunge?" niliuliza mwishowe.

"Atakuwa bora kuliko mimi. Hilo nalijua tangu soko la kwanza."

"Sasa?"

Aliitazama simu. "Huku mimi ni namba ya kwenye shati, Mama Damaris. Nasimama kwenye mlango wa kioo, watu wanapita, hakuna anayenitazama usoni. Lakini kila ninaposimama najua kuna mahali kitu kimesimama kwa ajili yangu. Akikikalia, hakuna tena anayeningoja."

Labda ningenyamaza. Lakini Ijumaa iliyopita ilikuwa ya Boaz, na Boaz hakuja, meli ilikuwa na hitilafu, na chapati nilizompikia nilizila peke yangu kwa siku mbili.

"Anayengoja naye anachoka, kaka Protas," nikasema. "Mimi ndiye nakuambia. Mume wangu yuko mwendo wa basi tu, na nimechoka. Huyo amebeba kigoda kichwani na mimba tumboni. Muulize kama shingo imepona."

Uso wake ukakunjamana. Alisimama, akafunika ndoo, akaingia ndani.

Kesho yake alipita uani bila kusema mmeamkaje. Damaris alimfuata mpaka mlangoni akapiga mbao kwa kiganja, akimtaka jogoo, nami nikamtoa pale kwa aibu. Siku iliyofuata vivyo hivyo. Milly akauliza, "Bunge limevunjwa?" Nikamwambia aniache. Nililia kidogo nikikunja nguo, nikijiambia kwamba mtu mmoja tu aliyekuwa akiniamkia katika nyumba hii nimemtia kidonda kwa mdomo wangu.

Alhamisi alasiri nilikuwa nateka maji kwenye tangi. Mlango wa Protas ukafunguka. Alikuwa amekwisha vaa sare ya kazi, viatu vinang'aa, kofia mkononi. Damaris akasema neno lake la jogoo, na yeye akamwinamia, akamgusa kichwa, akasema, "Mmeshindaje?"

"Hatujambo," nikajibu kwa niaba ya wote wawili.

Akakiendea kile kiti cheupe. Akakipangusa kwa leso yake, mgongo na mikono, akakibeba mpaka mbele ya mlango wake, akakitikisa kuona kama kimetulia sakafuni. Halafu akasimama mbele yake. Alisimama vile vile anavyosimama kwenye mlango wa jikoni, mikono imeshuka, anatazama mbele. Milly alikuwa ametokea na beseni lake, akafungua mdomo kusema kitu, nikamtazama, akaufunga.

"Keti, kaka," nikasema.

Akaketi. Polepole, kwanza ukingoni, kisha akauachia mgongo. Plastiki ikalia kidogo. Alikaa akitazama magoti yake, kama anashangaa kuyaona yamekunjika mahali pale. Kope zake zilikuwa zimelowa, lakini sauti ilikuwa kavu.

"Nitamwambia akikalie," alisema. "Nitasema vizuri, ili kila mtu asikie, na majina ya wale wawili nitayataja."

Akanipa simu. Ilikuwa ya moto, alikuwa ameishika muda mrefu.

"Mama Damaris, nishikie hii. Bonyeza hapo nikianza. Nikinyamaza katikati usiachie, nitakuwa napumua tu. Nikisema khalas, ndipo uachie kidole, iende. Na hata nikikuambia futa, dada yangu, nakuomba, usinisikilize."